Mlango mwembamba wa mzizi: kwa nini mpunga hauli mbolea yote unayoulipia

MFUKO wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Hesabu hiyo haina siri, kwani mfukoni imeandikwa asilimia 46, na nusu ya 46 ni 23. Mkulima wa Gihanga anayeufunga mfuko huo kwenye baiskeli na kuusukuma hadi shambani amezilipia kilo zote 23. Lakini mpunga wenyewe, kwa vipimo vilivyofanywa katika mashamba mengi ya mpunga wa maji duniani, mara nyingi huambulia theluthi moja tu au zaidi kidogo. Zinazobaki hupanda hewani, huondoka na maji ya mfereji, au hukaa udongoni mahali mzizi usipofika.

Nikiwaambia watu hivi, wengi hudhani nasema kwamba mbolea ni mbovu. La hasha. Mbolea inaweza kuwa nzuri kabisa na bado ikapotea, kwa sababu kati yake na mmea kuna mlango, na mlango huo una masharti yake. Sisi tuliosomea kwenye makazi ya wakimbizi kule Ulyankulu tulifundishwa kwamba mzizi "unafyonza" chakula kutoka udongoni, somo likaishia hapo. Siku hizi mambo yanajulikana zaidi ya hapo, na nadhani yanatuhusu sisi tunaolima kwenye uwanda wa Imbo na sisi tunaovusha mifuko pale Mugina na Kobero kuliko yanavyowahusu maprofesa.

Kwanza tumalize ugomvi wa majina, maana watoto wa waliorudi wanateseka nao darasani. Kile tulichokiita naitrojeni Tanzania, hapa Burundi mwalimu anakiita azoti, kwa Kifaransa, lakini kwenye mfuko kimeandikwa N. Mtoto aliyetoka Mishamo anatafuta herufi A kwenye mfuko na haioni. Halafu kuna amonia na amoniamu, ambazo kwa Kifaransa ni amoniaki na amoniamu. Maneno hayo yanafanana kama mapacha, ila mapacha wenyewe wana tabia mbalimbali.

Amonia ni gesi. Ni chembe moja ya naitrojeni iliyoshikwa na chembe tatu za haidrojeni, na ndiyo ile harufu inayochoma pua kwenye banda la kuku lisilosafishwa. Amoniamu ni amonia hiyohiyo iliyobeba protoni moja zaidi, yaani haidrojeni ya nne yenye chaji ya umeme. Akiwa na mzigo huo hapai, hanuki, na hushikamana na udongo wa mfinyanzi. Akiutua, anakuwa gesi na kuondoka zake. Kinachoamua abebe au atue ni ukali wa maji. Kwenye maji ya kawaida, yenye pH 7, zaidi ya asilimia 99 wamebeba mzigo. Maji yakifika pH 9, zaidi ya theluthi wameshautua.

Mama mmoja anayefanya biashara kati ya Manyovu na soko la hapa mjini alinijia siku moja na mkono wa mbolea ndani ya mfuko wa nailoni. "Mwalimu, nusa," akaniambia. Sikuhitaji kusogeza pua. Ilikuwa SA, ile mbolea ya amonia na salfa tuliyoizoea Tanzania kwa kukuzia, nyeupe kama sukari. Alikuwa ameiweka katika ghala la kupanga, na mwenye ghala alipanga mifuko ya chokaa ya shambani juu yake. Mvua ikavuja, chokaa ikatiririka, na wateja wakaanza kusema mbolea imeoza.

Haikuoza. Chokaa ni kali upande wa pili wa tindikali, na ikikutana na amoniamu penye unyevu inamnyang'anya ile protoni. Kinachobaki ni gesi. Kila aliyeinusa ile harufu pale ghalani alikuwa ananusa faranga za mama yule zikitoka dirishani. Saruji yenye unyevu hufanya vivyo hivyo, na majivu pia. Kwa hiyo anayehifadhi SA au DAP asiiweke karibu na vitu hivyo hata kama nafasi ni finyu, na asikubali mwenye ghala amwambie kwamba mifuko yote ni mifuko tu. Niliyamweleza hayo kwa mfano wa kubeba na kutua mzigo, akaelewa kabla sijamaliza. Wanaopita mpakani kila wiki hawahitaji kufundishwa habari ya mizigo.

Tuingie sasa kwenye mlango wenyewe.

Kila seli ya mzizi imezungukwa na utando wa mafuta. Unene wake haufiki sehemu moja kati ya elfu kumi ya unene wa unywele. Ni mwembamba, lakini kwa kitu chenye chaji ya umeme ni ukuta wa mawe, kwa maana mafuta na chaji havipatani. Gesi ya amonia inaweza kupenya kidogo. Amoniamu hawezi, na kwenye udongo ni amoniamu ndiye tele. Seli ingeweza kutoboa tundu la kawaida la kumpitisha, lakini kuna hatari: potasiamu. Potasiamu naye ana chaji moja kama amoniamu, na ukubwa wao unakaribiana mno hivi kwamba tundu linalomtosha mmoja linamtosha mwingine. Seli inahitaji kumruhusu mmoja na kumkatalia mwingine, wakati wote wawili wanavaa nguo za namna moja. Mlinzi wa mpaka angeshindwa.

Kwamba kuna protini maalumu zinazofanya kazi hiyo, watu walishuku miaka mingi. Kuzishika hasa kulitokea mwaka 1994, tena kwa kutumia hamira, ndugu wa ile ya mandazi. Kundi la Brussels, akiwemo Anna Maria Marini na Bruno André, lilitambua jeni ya hamira inayotengeneza mlango wa amoniamu, wakaiita Mep. Mwaka huohuo Olaf Ninnemann, Jean-Claude Jauniaux na Wolf Frommer wakaipata ya mmea, kutoka katika kimmea kidogo cha jamii ya haradali kiitwacho Arabidopsis, wakaiita AMT. Njia waliyotumia inanifurahisha kila ninapoifundisha. Walichukua hamira iliyoharibika mlango wake, ambayo ukiipa amoniamu kidogo kama chakula inashinda njaa. Wakaiingizia vipande vya jeni za mmea, kimoja kimoja, maelfu kwa maelfu. Wakasubiri. Ile iliyoanza kukua na kuota kitone kwenye sahani ndiyo iliyokuwa imepata mlango wa kuazima kutoka kwa mmea. Hakuna darubini iliyohitajika hapo. Njaa ndiyo iliyofanya uchunguzi.

Umbo lake likaonekana miaka kumi baadaye. Mwaka 2004 kundi la Robert Stroud huko San Francisco, na jingine la Uswisi, yalitoa picha za protini ya aina hiyo kutoka kwa bakteria wa tumboni, ikiitwa AmtB, wakiipiga kwa miale ya eksirei baada ya kuigandisha kama fuwele. Ni mafiga matatu. Protini tatu zinazofanana zimesimama pamoja ndani ya utando, zikiegemeana, kama mawe ya jikoni. Mtu akiona mafiga atatazama katikati, pale moto unapokaa, akidhani njia ipo hapo. Haipo. Njia imetobolewa ndani ya kila figa, kwa hiyo kuna njia tatu, na kila moja ni nyembamba na imepakwa mafuta kwa ndani.

Hapo ndipo wataalamu walipokwama. Njia ya mafuta haimpitishi mwenye chaji. Basi ni nani anayepita? Maelezo ya mwaka 2004 yalikuwa kwamba amoniamu anatua protoni yake mlangoni, anapita kama gesi, na akifika ndani anaokota protoni nyingine kutoka kwenye maji ya seli. Lakini vipimo vya umeme vilivyofanywa kwenye milango ya mimea vilionyesha kwamba chaji nayo inaingia. Kwa miaka mingi kila upande ulikuwa na ushahidi wake, na ukisoma makala zao utaona wanavyobishana kwa adabu ya kisomi, ambayo si adabu sana.

Jibu linalokubalika zaidi leo lilitoka mwaka 2020, kwa kundi la Arnaud Javelle la Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, pamoja na wenzao. Wanasema kuna njia mbili ndani ya figa moja. Msomaji anayevuka pale Mugina ataipata picha upesi. Unafika mpakani na gunia. Gunia linawekwa kwenye mkokoteni na kupita njia ya magari. Wewe mwenyewe unapita kwenye kijia cha waenda kwa miguu. Ng'ambo mnakutana, unajitwika, safari inaendelea. Amoniamu anatua protoni mlangoni. Amonia anapita katika njia yenye mafuta. Protoni nayo inarukaruka kwa njia yake ya pembeni, kwenye mstari wa molekuli za maji, ikisaidiwa na vipande viwili vya protini viitwavyo histidini vilivyosimama katikati ya njia. Ndani wanakutana tena na kuwa amoniamu.

Na potasiamu je? Yeye hawezi kutua. Chaji yake ni sehemu ya mwili wake, ni mzigo ulioshonwa mgongoni. Akifika kwenye kijia chembamba anakwama, na njia ya mkokoteni haipitishi mtu. Hivyo mlango unamtambua asiyefaa bila kumtazama sura. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika habari hii, na wanafunzi wangu hulikumbuka hata baada ya kusahau jina la protini.

Lakini mlango mzuri ni ule unaofungika. Amoniamu ni chakula ikiwa ni kiasi. Ikizidi ndani ya seli ni sumu, na mimea mingi ikilishwa hiyo peke yake hunyauka na kugeuka njano. Bakteria wana kizibo: protini nyingine, GlnK, huja kwa ndani na kuingiza kidole chake katika kila tundu la AmtB pale chakula kinapotosha. Picha za kizibo hicho zilitolewa mwaka 2007. Mwaka huohuo kundi la Frommer, wakati huo akiwa taasisi ya Carnegie huko California, likaonyesha jinsi Arabidopsis inavyofanya: kila figa lina mkia unaomgusa jirani yake. Mwaka 2009 wakaongeza kwamba amoniamu ikijaa nje ya mzizi, mmea unabandika alama ya fosfeti kwenye mkia huo, na mafiga yote matatu yanafunga. Akifunga mmoja, wote wamefunga. Mpunga una jamaa wa protini hizo, angalau kumi, na nao huzipandisha na kuzishusha kufuatana na njaa yake.

Maana yake shambani ni nzito. Ukimwaga mbolea yote siku moja, humlazimishi mmea ale zaidi. Una miche yenye mizizi michache, milango michache, na shibe inayofunga hata hiyo michache. Wakati huohuo amoniamu uliyomwaga inasubiri nje, na nje kuna jua.

Kabla ya kurudi shambani nigusie damu, kwa sababu kila mtu ana kadi ya hospitali. Ile alama ya kujumlisha kwenye O+ inatokana na protini ya ukoo wa Rh iliyo kwenye chembe nyekundu. Mwaka 2000 Marini na wenzake waliirudia hila yao ya hamira yenye njaa, safari hii wakiiingizia jeni za binadamu za ukoo huo, na ikakua. Ndugu wa Rh ni milango ya amonia. Mmoja wao yuko kwenye figo zetu na husaidia kuitoa amonia kwenda kwenye mkojo. Wengine wako kwenye mashavu ya samaki, ambao huitoa moja kwa moja majini. Isipokuwa samaki mmoja wa Kenya. Perege wa Ziwa Magadi anaishi kwenye maji ya magadi yenye pH karibu 10, ambako amonia haiwezi kutoka kirahisi, na mwaka 1989 ilitangazwa kwamba yeye hutoa taka yake yote kama urea. Ziwa letu la Tanganyika lina pH karibu 9, si ya Magadi lakini si mbali. Uchafu wa Bujumbura unaotiririkia humo ukitoa amoniamu, sehemu kubwa inageuka gesi iliyo sumu kwa samaki kuliko ambavyo ingekuwa kwenye mto wa kawaida. Wauza ndagala wana haki ya kulijua hilo.

Sasa shamba la mpunga nalo, mchana wa jua kali, linakuwa kama ziwa dogo la magadi. Urea ikiingia majini au kwenye udongo wenye unyevu, vimeng'enya vya vijidudu huigeuza kuwa amoniamu ndani ya siku chache. Kama imebaki juu juu, ndani ya maji, inakutana na ule ukungu wa kijani. Mimea hiyo midogo, ikitengeneza chakula chake kwa jua, hula hewa ya ukaa iliyo majini na kupandisha pH hata kupita 9 adhuhuri. Amoniamu anatua mzigo, anakuwa gesi, upepo wa ziwani unambeba. Ndiyo theluthi zako mbili zinavyoanza kupungua.

Dawa yake inajulikana. Punguza maji yabaki kidogo, tia mbolea, kisha rudisha maji ili yaisukume chini. Chini hakuna hewa, na pasipo hewa amoniamu haigeuzwi kuwa naitreti inayochukuliwa na maji. Anakaa ameshika mfinyanzi akisubiri mzizi. Gawa dozi: kiasi mpunga unapoanza kuchipua, wiki mbili tatu baada ya kupandikiza, na kiasi unapoanza kutunga mimba ya suke, wakati mizizi ni mingi na njaa ni kubwa. Bangladesh wamekwenda mbali zaidi. Kule, kwa msukumo wa taasisi ya IFDC, urea inafinyangwa kuwa vidonge vya gramu mbili hivi na kuzikwa kwa mkono sentimita 7 hadi 10 kwenda chini, kidonge kimoja katikati ya mashina manne. Urea inayotumika hupungua kwa karibu theluthi. Kazi ya mgongo inaongezeka, hilo nalo lisemwe.

Sisi hapa tuna somo limeandikwa kwenye mfuko. FOMI, kiwanda kilichoanza kazi nchini mwaka 2019, kiliziita mbolea zake kwa Kirundi: Imbura, Totahaza na Bagara. Kubagara ni kupalilia. Anayejua Kirundi amepewa majira pamoja na jina, kwamba kila mfuko una saa yake. Waliokulia Katumba wakisema "ya kupandia" na "ya kukuzia" watalipata hilo mara moja. Shida ni pale mifuko inapochelewa na yote kufika siku moja, maana mtu aliyesubiri miezi hukata kamba palepale na kumwaga vyote, kwa hofu ya kuibiwa.

Mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja, aliyerudi mwaka 2009 na anayekodi shamba karibu na Rusizi, alinisikiliza habari zote hizi akiwa amekunja mikono. Mwisho akauliza: "Huo mlango wake, mwalimu, unafunguka tena baada ya siku ngapi?" Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Nilimjibu kwamba mmea ukishaitumia amoniamu iliyo ndani na ya nje ikapungua, alama ile ya fosfeti huondolewa na milango hufunguka. Haingoji siku yetu, inangoja njaa yake. Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya lita kumi na kamba. Urea yake akaigawa sehemu mbili kwa ndoo, ya pili akaifunga mara tatu na kuiweka juu ya mbao, mbali na majivu ya jikoni. Juzi nimepita huko. Sehemu ya kwanza imekwisha kuingia, maji yamerudishwa shambani, na ya pili bado iko juu ya mbao ikingoja suke.